Mkimbia Hesabu na Kozi ya Kemia Ogania ya Kifizikia

Kemia ogania ya kifizikia ni tawi linalochunguza kwa nini, na kwa kasi gani, molekuli zenye kaboni hubadilika kuwa molekuli nyingine, nalo hutumia zana za fizikia na hesabu kujibu maswali ambayo kemia ogania ya shahada ya kwanza huridhika kuyajibu kwa mchoro na mshale. Louis Hammett wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, alikipa kitabu chake cha mwaka 1940 jina hilo, na tangu hapo limewatia homa wanafunzi wengi wa uzamili kwa sababu iliyo wazi kwa yeyote aliyepata kukaa nao: walio wengi waliichagua kemia ogania kwa kukimbia hesabu.

Mkimbizi huyo huwa ameishi kwa raha miaka yote ya shahada ya kwanza, akikariri kwamba alkoholi fulani ikichemshwa na asidi fulani hutoa alkeni, na mtihani ukiishia hapo hapo. Kisha hupokea mtaala wa uzamili, na kabla hajakaa vizuri hukutana uso kwa uso na mlinganyo wa Eyring wa mwaka 1935, unaohusisha kasi ya mmenyuko na kilima cha nishati, yaani kiasi cha nishati ambacho molekuli hazina budi kukipata ili zivuke kutoka hali ya mwanzo kwenda hali ya mwisho. Mlinganyo wenyewe si mrefu. Balaa ni kwamba kilima hicho kimewekwa kwenye kipeo, na kilicho kwenye kipeo hakisamehe.

Tuseme kilima ni cha kilokalori 25 kwa moli, kipimo wanachokipenda Wamarekani, ilhali fomula iliyo daftarini imeandikwa kwa jouli, na kalori moja ni jouli 4.184. Mwanafunzi akisahau kubadilisha, akaingiza 25 kana kwamba ni kilojouli, mmenyuko ambao katika nyuzi 25 za Selsiasi huchukua karibu siku tatu kufika nusu utafika nusu, kwa hesabu yake, ndani ya nanosekunde chache, yaani sehemu chache za bilioni moja za sekunde, na maabara nzima ingepaswa kuhamwa. Akiligundua kosa na kulirekebisha kwa pupa, kisha akaandika joto la 25 badala ya 298, kwa kuwa kelvini, kipimo kinachoanza kuhesabu kwenye baridi ya mwisho kabisa, kimemtoka akilini, mmenyuko uleule hautakwisha hata jua likizimika. Wengi huumaliza mwezi mzima wa maandalizi ya kozi wakiwa kati ya nanosekunde na kuzimika kwa jua.

Kitabu kinachotajwa mara nyingi ni kile cha Anslyn na Dougherty cha mwaka 2006, chenye kurasa zaidi ya elfu moja na bei inayotosha kulipa kodi ya chumba kwa miezi kadhaa, hivyo mwenye mfuko mwembamba huazima nakala ya maktaba na kukimbilia steshenari kutoa kopi ya sura anazozihitaji. Mtoa kopi, ambaye hana ugomvi wowote na kemia, huruka ukurasa pale karatasi mbili zinaposhikamana, na kwa desturi isiyoelezeka ukurasa huo huwa ndio unaoanza na maneno “kwa hiyo”.

Maumbo ya molekuli ni mtihani mwingine, maana hayasomeki vizuri kwenye karatasi bapa. Kaboni yenye vifungo vinne huvitawanya kwa pembe ya nyuzi 109.5 baina ya kifungo na kifungo, na sikloheksani, ambayo ni pete ya kaboni sita, hujikunja ikachukua umbo liitwalo kiti, ambamo haidrojeni sita kati ya 12 husimama wima, moja juu na nyingine chini kwa zamu, na sita zilizobaki huelekea pembeni. Kwa kuwa seti za plastiki za kujengea molekuli hazipatikani kila duka, viazi mbatata hufanywa kaboni, nyanya chungu ndogo hufanywa haidrojeni, na vijiti vya kuchokolea meno huwa vifungo. Kiti cha namna hiyo husimama kwa fahari juu ya meza hadi magharibi, mama mwenye nyumba anapoingia na kuuliza ni nani aliyevitoboa viazi vyake. Jibu la “Shikamoo mama, hiyo ni sikloheksani” halijapata kumwokoa mtu: kaboni huenda kwenye karai la chipsi, haidrojeni zote huingia mchuzini, na somo la maumbo huahirishwa hadi siku ya soko.

Mlinganyo wa Hammett mwenyewe, wa mwaka 1937, ndio wenye raha kuliko yote, na inasikitisha kwamba wengi huufikia wakiwa hoi. Katika mlinganyo huo kila kundi linalopachikwa kwenye pete ya benzini hupewa namba iitwayo sigma, inayoonyesha kama kundi hilo huvuta elektroni au huzisukuma: kundi la nitro likikaa upande wa pili wa pete lina 0.78, ambayo ni kuvuta, na la methoksi lina hasi 0.27, ambayo ni kusukuma. Namba nyingine, rho, hueleza mmenyuko unavyoathiriwa na mvuto huo. Ikiwa chanya, chaji hasi inajengeka katikati ya safari, na ikiwa hasi, ni kinyume chake. Kwa mstari mmoja mnyoofu mtu anachungulia tukio ambalo hakuna darubini ya kawaida iwezayo kulionyesha. Mstari huo, hata hivyo, huchorwa usiku, na usiku umeme hukatika. Tone la nta ya mshumaa hudondokea karatasi ya grafu, asubuhi huhesabiwa kuwa kipimo cha tano, na aghalabu huangukia mstarini vizuri zaidi kuliko vipimo vinne vya kweli.

Burudani ipo. Ubishi wa wanakemia Saul Winstein na Herbert Brown juu ya ioni ya norbonili, iwapo chaji yake chanya imegawanywa kati ya kaboni kadhaa au inarukaruka kutoka moja hadi nyingine, uliwaka kwa miaka mingi kama ubishi wa kijiwe cha kahawa, na fuwele iliyochunguzwa mwaka 2013 ilimpa ushindi Winstein, aliyekwisha kufariki mwaka 1969. Brown alikuwa na Tuzo ya Nobel ya mwaka 1979, ila aliipata kwa kazi yake ya boroni. Mwanafunzi huisoma habari hii kwa saa nyingi na kuita kusoma huko maandalizi, na kwa kiasi fulani ana haki.

Mwenye wiki moja tu kabla ya kozi kuanza na aitumie kwa logi, vipimo na vishale vya elektroni, vinavyochorwa kutoka penye elektroni nyingi kwenda penye upungufu na si kinyume. Sura za mbele zaidi aziache zingoje, kwani mhadhiri atazianza upya hata hivyo.