Sifa za Matatu Isiyojaa

Washairi wamesifu farasi, majahazi na ndege. Matatu ya Kitale kwenda Bungoma inayongoja ijae haijapata wa kuisifu, nami naona dhuluma hiyo imetosha.

Kwa anga, miji hii imeachana kilomita 70 hivi. Ndege ndogo ingezimaliza kwa robo saa, na robo saa haitoshi hata kumjulia hali jirani. Kwa barabara ya Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Webuye ni kama kilomita 90. Kanuni za waziri Michuki za 2004 ziliwekea matatu kikomo cha kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo mtu wa hesabu atasema safari ni ya saa moja na dakika chache. Maskini, anaanza kuhesabu gari likishaondoka!

Sisi huanzia stejini. "Bungoma mmoja! Mmoja twende!" Unachungulia: kweli, viti vimejaa watu watulivu, mmoja amefunga mkanda na kufunua gazeti. Unalipa, unaketi. Akipanda abiria mwingine, yule wa gazeti anakumbuka jambo, anashuka, na punde unasikia sauti yake mlangoni: "Bungoma mmoja!" Ni chombo gani kingine hubaki na nafasi ile ile kila abiria anapopanda?

Dereva naye ni mtu wa huruma. Akiona mmenuna, huwasha injini, husogea hatua mbili mbele, kisha hurudi tatu nyuma. Kwa mwendo huo, tukipewa muda wa kutosha, tutafika Kapenguria.

Na faida zake! Kabla ya gurudumu kuzunguka umeshajua bei ya gunia la mahindi la kilo 90, umenunua njugu, soksi na tochi usiyoihitaji, na mama wa kiti cha nyuma ameshakupatia mchumba.

Wenye haraka husema heri treni. Wasome historia: reli ilifika Kitale mwaka 1926, lakini kama tawi linalotokea Leseru, karibu na Eldoret. Wa kwenda Bungoma kwa reli alilazimika kwanza kuipa Bungoma kisogo. Matatu yetu basi haikuzua uvivu huu. Imeurithi kwa wazee.

Wengine hujitapa na magari yao. Waangalie siku ya matanga. Mwenye gari amefika alfajiri, akakabidhiwa kubeba viti, kufunga hema, na kutoa mchango wa kwanza huku jina lake likitangazwa kwa kipaza sauti. Sisi wa matatu tunaingia adhuhuri, tumechoka, nyuso za huzuni kweli kweli. Wenyeji wanatuonea imani. "Poleni na safari," wanasema, "naweni mikono, chakula kiko tayari."