Sifa Ziwaendee Pointi

Wafalme wametungiwa sifa, mapenzi yametungiwa, mnazi umetungiwa, hata ubwabwa una wapambe wake. Pointi za kuhamia Kanada ndizo ambazo hazijapata mtu. Ni dhuluma. Wapo Nairobi watu wasiojua kundi la damu yao, lakini ukiwaamsha saa tisa za usiku watakutajia pointi zao kabla hawajafungua macho: mia nne sitini na tisa. Kitu kinachokaa moyoni namna hiyo hakistahili kunyimwa neno jema.

Tuanze na ukoo, kama ilivyo ada ya kusifu. Pointi zimewazidi wazazi wao kwa tabia. Kabla hazijazaliwa, Kanada ilichagua watu kwa kuwatazama. Mchina alitozwa dola 50 kuingia kuanzia mwaka 1885, kufikia 1903 zikawa 500, na kuanzia 1923 hadi 1947 karibu wote walifungiwa mlango. Mwaka 1911 serikali ya Wilfrid Laurier iliidhinisha amri ya kuwazuia watu weusi kwa mwaka mmoja, ikieleza kwamba hawaifai hali ya hewa ya Kanada. Baridi ikasingiziwa. Amri hiyo haikutekelezwa na ikafutwa mwaka uleule, ila tumejua mvua ingeanza kunyesha upande gani. Kisha mwaka 1967 pointi zikazaliwa, za kwanza duniani. Zilikuwa 100, mtu akitakiwa kupata 50: elimu 20, umri 10, lugha 10, na kadhalika. Kumi na tano ziliachiwa ofisa akutazame na kuamua mwenyewe kama unaonekana mtu wa kujituma. Baadaye hata jicho la huyo ofisa likanyimwa kura, na Januari 2015 ukaanza mfumo wa Express Entry. Kompyuta inakupima kati ya 1,200, inakupanga foleni na kila mwombaji mwingine, na kila baada ya muda inafanyika droo, wenye pointi za juu wanaalikwa. Hakuna anayekuuliza rangi. Unaulizwa umezaliwa lini.

Na hapo ndipo ushujaa wa pointi unapoonekana. Sisi tumelelewa tukiambiwa penye wazee haliharibiki neno. Pointi zimelisikia hilo, zikaitikia kwa adabu, kisha zikachora jedwali lao. Asiye na mwenzi, aliye kati ya miaka 20 na 29, anapewa 110, hata kama hajui kuchemsha chai. Akitimiza 30 zinabaki 105. Akifika 35 ana 77. Akiwa na 40 ana 50, na kuanzia hapo hakuna tena kutembea, ni mbio: 39, 28, 17, 6, na siku anayotimiza 45 ni sifuri. Sijasikia mhubiri aliyefaulu kumweleza binadamu kwa uwazi kiasi hicho kwamba siku zake zinahesabiwa. Keki inakatwa, watu wanaimba, na mwenye sherehe anatabasamu huku akitoa kumi na moja kichwani. Ninawahurumia zaidi wale ambao wazazi wao hawakuwa na tarehe kamili, karani akawaandikia tarehe mosi Januari. Hao hupunguziwa huku fataki zinalia na dunia nzima inawatakia heri.

Ndoa nayo imepata mhasibu. Chukua kijana mwenye shahada ya uzamili, umri chini ya 30, na Kiingereza cha daraja la juu kabisa. Akikiri tu kwamba ana mke anayesafiri naye, pointi 27 zinaondoka: kumi za umri, tisa za shahada, nane za lugha. Mke asipofanya lolote, hasara ndiyo hiyo. Mke akifanya mtihani wa lugha akafaulu vizuri, analeta 20. Naye akiwa na shahada ya uzamili iliyotathminiwa, analeta 10 nyingine. Jumla 30. Kwa hiyo faida halisi ya ndoa njema, baada ya kutoa gharama zote, ni pointi tatu. Masheikh na mapadri wamezungumza mengi juu ya suala hili bila kufikia tarakimu.

Isitoshe, mume na mke wanaweza kupimwa kila mmoja kivyake ili ajulikane nani awe mwombaji mkuu na nani awe mwenzi wa kuambatana. Katika nyumba ambamo swali la nani kichwa cha familia lilikuwa limefungwa tangu siku ya mahari, limefunguliwa tena mezani, mbele ya kikokotoo cha serikali ya kigeni kisicho na haya. Mama ana 462, Baba ana 431. Baba anasema mtandao una matatizo.

Undugu pia umesafishwa. Ukiwa na kaka au dada anayeishi Kanada, mwenye uraia au ukaazi wa kudumu na umri wa miaka 18 au zaidi, unapata 15. Wa baba mmoja au wa mama mmoja anatosha. Binamu mliyelala kitanda kimoja tangu utotoni hahesabiki, hata akikulipia nauli. Ndiyo maana dada aliyeko Edmonton, ambaye kwa miaka hakupata hata salamu za Idi, siku hizi anapigiwa simu kila Jumapili na kuulizwa kama amekula.

Nisisahau lugha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataja Kiingereza kuwa lugha rasmi sambamba na Kiswahili. Mtu amesoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, ameadhibiwa kwa kunong'ona lugha ya mama, ameandika tasnifu kwa Kiingereza, anaota kwa Kiingereza, na anapokasirika anatukana kwa Kiingereza. Vyote hivyo, mbele ya pointi, ni uvumi. Lazima afanye mtihani wa lugha unaotambuliwa, kama IELTS, avae visikizi, asikilize mwanamke wa kubuni akiuliza bei ya kukodi baiskeli. Na ili apate pointi zote anatakiwa kupata 8.5 katika kusikiliza, 8 katika kusoma, na 7.5 katika kuandika na kuzungumza. Baada ya miaka miwili matokeo hayafai, anarudi kulipa na kusikiliza habari za baiskeli upya. Kiingereza chetu, kumbe, kina tarehe ya kuharibika kama maziwa ya pakiti. Lakini angalia uzuri wake: mhadhiri wa fasihi ya Kiingereza anakaa chumba kimoja na mwanafunzi aliyemfelisha, wote wakiogopa karatasi ileile ya kuandika. Vyuo vyetu havijawahi kuwaleta karibu hivyo.

Kwa vyeti nitapita haraka, maana waliovitafuta wanaposikia neno hilo hupandwa na presha. Mkenya ambaye akiliona gari la polisi hubadilisha njia, sasa anaingia mwenyewe, kwa pesa zake, kutia vidole wino ili athibitishiwe kuwa ana tabia njema. Kama katika miaka kumi iliyopita aliishi nchi nyingine miezi sita mfululizo, akalete na cha huko. Barua ya mwajiri ndiyo iliyofunua mengi. Wakubwa wetu wa kazi wanajua kuandika barua ya aina moja tu: fulani alikuwa mchapakazi, mwaminifu na mcha Mungu, tunamtakia kila la heri. Kanada haikuuliza habari za Mungu. Inataka kazi alizofanya, saa kwa wiki na mshahara, ili vilinganishwe na orodha ambamo kila kazi ina namba yenye tarakimu tano. Mameneja wengi wa mjini waligundua mbele ya orodha hiyo kwamba hawajawahi kumwongoza mtu yeyote. Hilo mahojiano ya kazi hayakuwahi kugundua.

Tuumbe sasa mtu mkamilifu, tuone pointi zitamfanya nini. Ana miaka 29. Hana mwenzi wa kumpunguzia. Ana shahada ya uzamifu: 150. Kiingereza chake hakina doa: 136. Umri: 110. Amefanya kazi ya kitaalamu nje ya Kanada miaka mitatu na zaidi, na huo uzoefu ukichanganywa na elimu na lugha unaleta 100, ambao ndio upeo wake. Jumla, 496. Huyu ndiye kijana ambaye kijiji kizima kilimchangia karo, ambaye picha yake ya mahafali ipo ukutani kwa shangazi zake wote. Droo za jumla za mwaka 2024 hazikushuka chini ya 520.

Rudia hesabu mwenyewe kama unashuku. Mkamilifu hafiki. Wanafalsafa wamesema kwa karne nyingi kwamba ukamilifu hautoshi, lakini hakuna aliyeweza kuonyesha pengo lake kwa namba. Zamani ofa ya kazi ingemwongezea 50, au 200 kwa mkubwa wa kampuni, mpaka Machi 2025 zilipofutwa kwa sababu barua za ofa zilikuwa zimegeuka bidhaa ya kuuzwa. Kilichobaki ni jimbo fulani kumteua, na hapo anapewa 600 kwa mpigo, mara nne ya uzamifu wake. Au ajifunze Kifaransa.

Kifaransa! Hapa pointi zimefanya haki ya kihistoria ambayo hakuna aliyeitazamia. Kwa kuwa Kanada inataka wazungumzaji wa Kifaransa nje ya Quebec, huwafanyia droo zao, na katika miaka ya 2024 na 2025 baadhi ya droo hizo zilishuka chini ya 400. Mtu wa Bukavu au wa Bujumbura, anayeongea Kiswahili sokoni na Kifaransa ofisini, ambaye Wakenya walizoea kumuonea huruma kwa sababu Kiingereza chake kinakwama, anaalikwa akiwa na pointi ambazo mkamilifu wetu alizipita zamani. Ubelgiji haikuwaachia watu hao mengi ya kushukuru, ila hilo limo. Na ndani ya matatu ya Ngong Road utamkuta mhasibu wa miaka 33 amefumba macho, ananyambua vitenzi visivyofuata kanuni. Ana haraka. Anatimiza 34 mwezi wa tisa.

Wenye wivu watakukumbusha tarehe 13 Februari 2021, siku kiwango kiliposhuka hadi 75, watu 27,332 wakaalikwa kwa mara moja. Habari hiyo ilivuma hadi vibanda vya mawakala, na sidhani imetoka. Wanachosahau kutaja ni kwamba mipaka ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona, na walioalikwa ni watu waliokuwa na uzoefu wa kazi Kanada kwenyewe. Walikuwa sebuleni tayari.

Kasoro ya pointi ni moja, nami nitaitaja maana msifu anayeficha kila kitu haaminiki: hazipandi ndege. Mtu anatua Toronto na 600 zake za jimbo na 150 zake za uzamifu, na mwenye nyumba anamuuliza rekodi ya mikopo. Mwajiri anamuuliza uzoefu wa Kanada. Tume ya Haki za Binadamu ya Ontario ilitamka mwaka 2013 kwamba kudai uzoefu huo ni ubaguzi kwa sura yake, na waajiri wakajifunza kuuliza kwa maneno mengine. Muuguzi aliyechaguliwa kwa sababu nchi ina upungufu wa wauguzi anaambiwa leseni ni jambo la jimbo, asubiri vyeti vyake vipimwe tena. Wakati huo anawaogesha wazee kwa malipo ya saa. Mkono mmoja wa dola ulimhesabia shahada yake, mwingine hauijui. Na hospitali ya kaunti aliyoiacha, iliyobaki na wagonjwa walewale na zamu ndefu zaidi, haikupewa hata pointi moja.

Aliyechoka na Ottawa hujaribu Canberra. Australia inataka 65 kwa uchache, ingawa wanaoalikwa kwa kawaida huwa na zaidi, nayo ina maoni yake juu ya ndoa: kapera anapewa 10, mwenye mwenzi anayejua Kiingereza tu anapewa 5, na mwenye mwenzi asiyejua Kiingereza wala fani inayotakiwa haambulii kitu. Lakini jedwali lao lina mstari ambao ningeuchapisha kwa dhahabu. Ukifaulu mtihani wa kutafsiri mazungumzo kati ya Kiingereza na lugha ya jamii mojawapo, unaongezewa pointi 5, na Kiswahili kimo katika orodha. Lugha ambayo Kanada haiipi hata robo ya pointi, huko ina bei.

Mtihani wenyewe ni mazungumzo mawili, alama 90, kufaulu ni 63. Kiingereza hakimtishi kijana wetu wa Nairobi. Kinachomtoa jasho ni mgonjwa wa kubuni, mama mtu mzima mwenye Kiswahili kilichonyooka, anayesubiri aelezwe masharti ya bima yake ya matibabu bila neno hata moja la Sheng.