Albamu Iko Njiani

Nasikia kuna miji ambako mtu akitaka kumjua mwanamuziki mpya lazima atafute, asome, aulize wajuzi. Watu hao wahamie mtaa wetu wa Kasulo wapumzike. Hapa kwetu Kolwezi mwanamuziki mpya hatafutwi. Anakuja mwenyewe alfajiri, hujanawa uso, spika begani, anabisha hodi huku ameshaingia. "Jambo, Papa. Nimetoa kitu kipya. Sikiliza dakika moja tu." Ukikubali umekwisha, maana dakika hiyo ina king'ora, kengele, sauti ya mwanamke anayetaja jina la studio kwa Kiingereza, ndipo mwimbaji anaanza kukohoa. Ukikataa, unaambiwa wazee wa Kasulo hawasaidii vipaji, na ndiyo sababu nchi haiendelei.

Mimi ni mtu mzima mwenye masikio mawili na uvumilivu mmoja, na huo mmoja umetumika sana. Ndiyo maana nilimpa mpwa wangu simu aniwekee programu ya muziki. Spotify imefika Kongo tangu 2021, Boomplay na Audiomack vijana wanazo zamani, mimi ndiye niliyekuwa nimebaki na redio. Mpwa akanieleza kwamba programu inajifunza tabia zako, halafu inakutafutia wasanii wa kujitegemea utakaowapenda kabla wewe mwenyewe hujajua. Nikasema hizo ni akili za mama mkwe. Ikanisoma kwa muda, ikaamua mimi ni kijana wa Lagos mwenye huzuni ya mapenzi. Ikaniletea Wanaijeria, ikaniletea amapiano ya Afrika Kusini, ikaniletea binti wa nchi ya theluji anayeimba kwa kunong'ona, nadhani asiwaamshe wazazi. Wote wapya, wote wa kujitegemea. Yule kijana wa nyuma ya ukuta wangu, ambaye namsikia nikiwa kitandani bila kula hata mega moja, programu haimjui.

Mimi namjua. Jina lake la kisanii lina tarakimu mbili na alama ya dola katikati. Siliandiki hapa, mhariri atadhani ni bei. Studio anayorekodia imepakana na chumba changu cha kulala. Magodoro mawili yamesimamishwa ukutani, trei za mayai zimegundishwa darini, blanketi limetundikwa mlangoni. Fundi wa midundo ni krezeri wa zamani, yaani mchimbaji wa madini kwa mikono, aliyeacha kuchimba kwa ajili ya mgongo. Kompyuta yake imeng'oka herufi A, kwa hiyo anapoihitaji anachomeka njiti ya kiberiti kwenye tundu. Maiki imevalishwa soksi ya shule ya mtoto, nyeupe kwa asili, yenye mstari mmoja wa buluu, ili mate ya mwimbaji yasifike ndani. Mtoto mwenyewe niliwahi kumkuta mlangoni, mguu mmoja una soksi, anasubiri wimbo uishe aende darasani.

Mnajua habari za ardhi yetu. Tangu mwaka 2014, mkazi mmoja alipochimba nyumbani kwake akakutana na jiwe lenye kobalti, Kasulo haijapata tena sakafu ya kuaminika. Watu walichimba uani, wakachimba jikoni, wakachimba chini ya kitanda. Mwaka 2017 sehemu moja ikazungushiwa ukuta, familia zikahamishwa, na sisi wa upande wa pili tukabaki na vumbi na maoni. Nyumba inayofuata baada ya studio ina shimo. Ukimwuliza mwenyewe atakuambia ni choo. Basi siku moja kijana akaniita nisikilize wimbo wa nne wa albamu. "Papa, sikia hiyo besi!" Nikasikia. Besi nzito, ya mbali, inakuja na kupotea. Nikatoa kile kidude cha kusikilizia sikioni, besi ikaendelea. Ilikuwa inatoka chini ya jiko la jirani, mtu yuko huko na nyundo na patasi, na kusema kweli alikuwa anashika mdundo kuliko mwimbaji. Nikamwambia kijana kwamba kama haki za wasanii zipo, huyo wa shimoni alipwe. Akanitazama kwa huruma. "Papa, hiyo ndiyo sauti ya Kasulo. Wazungu wataipenda."

Jirani yangu wa upande mwingine ni mstaafu wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na kwake muziki uliishia kwa Mwenda Jean-Bosco. Mwenda alizaliwa Bunkeya mwaka 1930, na Bunkeya kwa mipaka ya leo iko mkoa wetu wa Lualaba, kwa hiyo ni wa kwetu. Watu wa Lubumbashi wakimdai, mzee anavua miwani tayari kwa ugomvi. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kurekodia, alimkuta Jadotville, yaani Likasi ya leo, akamrekodi na gitaa lake. "Masanga" ikatoka kwenye sahani ya santuri, na mpaka sasa kuna wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani wanaojikunja vidole wakijaribu kuipata. "Ona," mzee ananiambia, "Mwenda hakumbishia mtu hodi. Alipiga gitaa lake, dunia ikaja." Namjibu kwamba Mzungu mwenye mashine hapiti tena kutafuta gitaa. Siku hizi akipita Kasulo anaulizia kobalti, anapiga picha gunia na mtoto aliye karibu na gunia, anarudi hotelini.

Nilijaribu kumsogeza mzee kwenye karne hii. Nikamtajia Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi aliyekulia Ubelgiji, ambaye mwaka 2015 alitoa kazi inayoitwa "64 Bits and Malachite". Malakiti, nikamwambia, lile jiwe letu la kijani, limefika kwenye jalada la muziki! Mzee akauliza lina asilimia ngapi ya shaba. Nikamtajia albamu iliyofuata, "137 Avenue Kaniama" ya mwaka 2018. Akauliza ni nani anayedaiwa kwenye anwani hiyo.

Nikaenda kwa yule kijana anayejaza watu nyimbo kwenye simu, pale chini ya mwavuli, na kompyuta yake iliyofungwa mpira. Baloji hana. Ana Fally Ipupa kuanzia mwanzo, ana Diamond Platnumz, ana mahubiri, ana filamu za ngumi. Halafu ana folda moja imeandikwa "Kolwezi". Humo ndimo albamu za mtaa zinamoishi. Faili ya kwanza inaitwa "mwisho". Ya pili "mwisho kabisa". Ya tatu "mwisho kabisa sahihi usifute". Hakuna jina la wimbo, hakuna jina la mtu. Nilijaziwa zote kwa bei ya sambusa, na nikasikiliza usiku umeme ulipokatika. Nasema bila kumpendelea mtu: katikati ya takataka nyingi kulikuwa na nyimbo mbili za binti mmoja na gitaa kavu, sauti ya chini, hana haraka, anaimba habari za mume aliyehamia Fungurume na namba ya simu isiyopatikana. Nilizirudia mpaka betri ikaisha. Kesho yake nikamwuliza kijana wa mwavuli huyu ni nani. Akasema, "Papa, huyo aliacha. Anauza bukari na sombe karibu na Musompo." Yaani ugali na kisamvu, kwenye soko la madini. Wanaojua kuimba wanaacha. Wa nyuma ya ukuta wangu hawaachi.

Kuna pia balaa la mitindo. Kwa miaka mingi vijana wetu waliimba Kilingala ili Kinshasa iwasikie, na Kilingala cha kijana wa Kasulo ni kile alichojifunza kwa askari wa kizuizini, kimejaa amri. Kinshasa haikusikia. Halafu mwaka 2024 RJ Kanierra wa Lubumbashi akatoa "Tia", kwa Kiswahili chetu hiki hiki, ikavuka mipaka, ikachezwa na watu wasiojua Katanga iko upande gani wa ramani. Nilifurahi sana. Nilifurahi kama wiki moja. Baada ya hapo kila wimbo mpya wa mtaa ukawa na jina la amri moja: weka, vuta, sukuma, kamata, toa. Mtu unapita zako na mkate wako, spika zote zinakutuma.

Lakini tuache nyimbo mojamoja, maana hizo hazikosi. Ninachokililia mimi ni albamu. Kila mwanamuziki wa Kasulo ana albamu na kila albamu iko njiani. Bango limeshachapwa, picha imepigwa mbele ya gari la mtu, miwani ya jua ipo, tarehe imeandikwa "hivi karibuni". Na wala siyo uvivu. Nimewachunguza: albamu ya Kasulo inafuata bei ya kobalti, neno kwa neno.

Sikilizeni inavyokwenda. Kijana hana pesa ya studio, hana ya klipu, na malipo ya intaneti yanahesabika kwa sehemu za senti ambazo hata benki ingeona aibu kuzitoa. Kwa hiyo anamtafuta negosia, yule anayenunua magunia kwa krezeri na kuyapeleka kwenye depo. Negosia anatoa dola, na kijana analipa kwa mabanga, yaani anamtaja ndani ya wimbo. Anamtaja yeye, mke wake, watoto wake kwa kufuata umri, shemeji yake, dereva wake, na kuna mwanamke mmoja anatajwa kwa sauti ya chini upande wa kushoto tu, ukisikiliza kwa sikio la kulia humsikii. Mwenye depo, Mchina, naye anatajwa, kwa matamshi ambayo akiyasikia mwenyewe hatageuka. Wimbo wa mapenzi unaanza na "mpenzi", mpenzi anasubiri orodha imalizike, na orodha ikimalizika wimbo umekwisha.

Mwanzoni mwa 2018, kobalti ilipopita dola 90,000 kwa tani huko London, Kasulo ilikuwa na albamu kila kona. Bei ilipoporomoka mwaka uliofuata, wanamuziki wakakonda pamoja na wafadhili wao. Ikapanda tena, wakanenepa. Mwanzoni mwa 2025 ikawa imeshuka hadi dola 20,000 na ushee, na mwezi wa pili serikali ikasimamisha kabisa kobalti kutoka nje ya nchi ili bei ipande. Ikaongeza muda. Mwezi wa kumi ikaleta kota ya mauzo ya nje: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka huo, kisha tani 96,600 kwa mwaka 2026, na hivyo hivyo 2027. Wachumi waliandika mengi kuhusu magari ya umeme. Hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba nyuma ya ukuta wangu wimbo wa saba ulikuwa umefika kwenye kibwagizo ukasimama hapo, kwa sababu magunia ya mfadhili yalikuwa yamelala na yeye amezima simu. Kibwagizo kile nakijua kwa moyo. Ubeti unaofuata sijausikia hadi leo.

Mara moja moja albamu inatoka kweli, na hapo ndipo mtu unatamani ingebaki njiani. Tunaalikwa kwenye sorti, yaani uzinduzi wake. Kadi inasema saa nane. Saa kumi na moja ndiyo wanafunga nyaya. Mchungaji anaombea jenereta. Mshereheshaji anamwita mgeni wa heshima aje "kubatiza" albamu, na kwa kuwa hakuna tena mwenye mashine ya CD, kinachobatizwa ni flashi, imefungwa utepe mwekundu juu ya mto wa kochi, inabebwa na watoto wawili waliovaa kiarusi. Mgeni wa heshima anamwagia bia ya Simba, kidogo, kwa ncha ya kidole, maana ikilowa ndiyo imekwenda. Halafu flashi inanadiwa. Huyu anasema dola mia, yule mia tatu, watu wanapiga vigelegele, negosia anasimama polepole, anafunga kifungo cha koti, anasema elfu moja. Ukumbi unaruka. Katibu anaandika kwenye daftari: elfu moja, ahadi. Daftari lote ni ahadi. Siku niliyokwenda mimi, pesa taslimu pekee zilizokusanywa zilikuwa zangu, za michopo, yaani nyama ya kuchoma.

Sasa kwa kuwa wakubwa wamebanwa na kota, vijana wameshuka hadi kwetu sisi wa chini. Yule mwenye alama ya dola alinijia na karatasi ya bei: kutajwa mara moja, kutajwa na cheo, kutajwa na kicheko baadaye. Nilimwambia mimi ni mwandishi wa safu, cheo sina. "Papa, cheo tunakupa sisi." Nilitaka alale, nami nilale, nikampa pesa ya kutajwa mara moja tu, tena kwenye wimbo usio na matusi. Akanitaja mara tatu, na cheo juu: Papa fulani, bosi wa Kasulo, mzee asiyehesabu, dola zake hazijui mlango wa kutokea.

Wimbo ukapendwa. Ndio pekee uliowahi kupendwa kutoka studio ile, na besi ya shimoni imo ndani. Mwenye nyumba wangu ameuweka kuwa mlio wa simu, na akinipigia kuhusu kodi ananiita bosi. Shemeji wawili wamefika kutoka Likasi na mizigo. Na mama wa ligablo, kile kibanda cha duka, ambaye nina daftari kwake la mikate, sukari na sabuni tangu kabla ya kota, jana aliniona napita upande wa pili wa barabara, akazima redio ili nisikie vizuri. "Papa asiyehesabu," akaita, huku anafungua daftari, "njoo basi tuhesabu."