Daftari la Njano
Babu alipofariki, ndugu zangu waligawana ng'ombe. Mimi, kwa kosa la kusoma hadi kidato cha nne, nikakabidhiwa duka: mizani moja, kaunta iliyoliwa na mchwa, na daftari la madeni nene kama tofali.

Babu alikuwa keya, askari wa jeshi la mkoloni Mwingereza. Mwaka 1944 alikwenda Bama na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale wa alama ya kichwa cha kifaru begani. Wakakanyaga tope la Bonde la Kabaw huku mvua za monsuni zikiwapiga, wakafika Kalewa, na Desemba wakavuka mto Chindwin. Nayajua haya kuliko sala zangu, maana hakuna mteja aliyetoka bila kusimuliwa. Ukinunua robo ya sukari unaachwa kwenye tope la Kabaw. Ukinunua kilo, unavushwa mto. Waliotaka gunia zima walikwenda kwa Mhindi, wasije wakakosa chakula cha mchana.

Alirudi 1946. Wazungu waliopigana upande mmoja naye walitengewa mashamba kule nyanda za juu za Kenya. Yeye kiinua mgongo chake kilitosha mizani na mabati machache. Akafungua duka hapa Kondoa, akaliendesha kama kambi. Foleni, neno ambalo lenyewe lilizaliwa kwenye kwata ya Mwingereza, ilikuwa lazima hata kama mteja ni mmoja. Unasimama mguu sawa, ndipo unaomba kiberiti.

Ukutani alitundika kibao: "Kukopa harusi, kulipa matanga." Lakini kibao hicho hakikuwahusu waliopigana Bama. Hao walikopa watakavyo, mradi wajibu swali moja: kule tulikuwa rangi gani?

Jibu ni njano. Vidonge vya mepakrini, walivyomezeshwa kuzuia malaria, viliwageuza ngozi ikawa kama embe bivu. Asiyekuwepo angejuaje?

Angejua kwa sababu Babu alirudi na masikio yaliyochoshwa na mizinga, na kunong'ona kwake kulisikika hadi sokoni. Haukupita muda mji mzima ulikuwa umepigana Bama. Ukurasa wa 12 yupo koplo aliyezaliwa 1951. Kitindamimba wa kwao nilikaa naye dawati moja. Ukurasa wa 15 yupo mama muuza vitumbua, kaandikwa "sajini", unga wa ngano kilo nne. Cheo hicho nadhani alipewa kwa ukali wake tu.

Siku moja nikamwambia Babu kwamba anaibiwa mchana kweupe. Akaniangalia kwa muda mrefu. Kisha akaniamuru nitoe mikono mfukoni.

Nilipoanza kudai, nikabaini kwamba koplo na wenzake hawana aibu hata chembe. Kila ninayemfuata ananikaribisha kiti, ananimiminia chai, halafu ananisimulia jinsi alivyovuka Chindwin. Wengine wanaisimulia vizuri kuliko Babu. Pesa sijaiona.

Jana jioni kaja kijana wa bodaboda, hajafika hata miaka 25. Anataka kilo ya sukari, mfukoni hana kitu. Nikamwonyesha kibao. Akakisoma taratibu hadi mwisho, akavua kofia ngumu, akasimama mguu sawa.

"Njano, afande."

Nikaanza kutafuta kalamu.