Ogopa Mnunuzi

Maji ya kuoshea samaki hupita shati na kwenda kukaa kwenye ngozi. Nimeoga kwa sabuni ya mche, nikarudia kwa sabuni ya kunukia, nikajisugua limau, na bado paka wa jirani ananisindikiza hadi mlangoni kwa heshima ambayo hajawahi kunipa. Mambo yenyewe ni ya juzi asubuhi, upande wa Mwananyamala, uwani kwa watu, mbele ya wapangaji, watoto wa wapangaji, na kijana wa bodaboda aliyezima pikipiki makusudi ili arekodi bila kelele.

"Shikamoo bibi," nilisema, nimeinama kidogo kama nilivyofundishwa.

Hakuitikia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, karai mbele yake. Aliuliza jambo moja tu: "Umekuja kununua?" Nami nikajibu, "Ndiyo, bibi." Karai likaja.

Sasa, mimi pale sikujipeleka. Nilipelekwa na dalali, tena dalali aliyenipigia usiku kwa sauti ya kunong'ona, utadhani ananiuzia siri ya serikali. "Bosi wangu, mzigo huo. Nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, banda la uwani, hati ipo, gari inafika mlangoni, mwenyewe ana shida ya haraka. Maongezi yapo." Akasema ni dakika tano kutoka lami. Dakika tano za madalali hupimwa kwa pikipiki, alfajiri ya Jumapili, na dereva anayefukuzwa. Tulitembea hadi jasho likakauka na kuanza upya.

Tulipofika, niliona ukuta wa mbele umepakwa chokaa nyepesi ya haraka, na chini ya chokaa maandishi meusi yanachungulia: NYUMBA HII HAIUZWI.

"Hayo ya zamani," dalali akasema. "Siku hizi inauzwa."

Msomaji asiyekaa Dar es Salaam atashangaa kwa nini mtu anunue rangi na brashi kutangaza kwamba hauzi. Ni kwa sababu hapa nyumba inaweza kuuzwa mwenyewe akiwa jikoni anakaanga vitunguu. Mtu anakwenda msibani Tanga, anarudi anakuta mafundi wamepanga tofali uwanjani na wanamuuliza yeye ni nani. Mpwa aliyeachiwa funguo amekwisha pokea malipo ya awali kwa wanunuzi watatu tofauti, na kila mmoja ana mkataba wenye muhuri. Ndiyo maana ukuta huwasemea wenyewe. Wengine huongeza OGOPA MATAPELI, wengine huweka namba ya simu, wengine huandika kwamba kesi iko mahakamani. Ukipita mitaa ya Kinondoni kwa miguu utasoma habari za ukoo za watu wengi bila kumwamkia hata mmoja.

Ndani tulipokelewa na "mwenyewe", bwana wa makamo mwenye funguo nyingi na haraka nyingi zaidi. Alinipitisha kwenye ukumbi, akigonga milango ya wapangaji na kuifungua kabla haijaitikiwa. Habari ikatangulia mbele yetu kwamba mwenye nyumba mpya kaja. Mama wa chumba cha pili akanionyesha dari linalovuja. Kijana wa chumba cha nne akataka kujua kama nitaendelea kupokea kodi ya miezi mitatu au nitataka ya sita kama wenzangu. Wenzangu! Mtu mmoja alinishika mkono hadi chooni nikajionee mwenyewe. Nilikuwa sijalipa hata senti na tayari nina madeni ya ukarabati. Kusema kweli nilianza kuyafurahia kidogo. Nilisema "tutaliangalia hilo" kwa sauti nzito nisiyoijua, nikatokea uwani nikiwa nimeweka mikono nyuma, na ndipo nikamwamkia bibi.

Baada ya karai niligeuka kumtafuta dalali. Mlango wa uani ulikuwa bado unayumba. Mwenyewe naye, alipoulizwa na shangazi yake (kwa maana bibi yule ni shangazi yake), alisema hanifahamu, alidhani mimi ni mtu wa umeme.

Tukaenda serikali ya mtaa. Mtaa wenyewe siutaji. Bibi alipewa kiti na soda baridi. Mimi nilisimamishwa karibu na dirisha kwa sababu ya harufu. Nikaulizwa nani kanituma kununua nyumba ya watu. Nikasema sijanunua. Nikaulizwa kwa nini basi nilitaka kununua. Ni swali gumu hilo, lijaribu ukiwa umelowa. Nikapewa karatasi niandike maelezo, karatasi ikawa na gharama yake, na mwisho nikatakiwa kuleta picha mbili ndogo ili mtaa unitambue nikionekana tena. Muuzaji hakuandika kitu. Dalali hakutafutwa. Katika biashara nzima iliyokuwa na watu wasiopungua kumi, aliyetakiwa kujieleza ni yule mmoja aliyekuja na fedha.

Tuwaache kidogo hao wa ofisini, maana nataka kuwaeleza cha juu, mfumo ambao nikiuchukia naushangaa pia.

Dalali wa kwanza ni yule aliyesikia. Huyu anaweza kuwa fundi viatu wa barazani, muuza genge, au mpangaji wa chumba cha tatu. Kasikia mzee anataka milioni themanini. Anampigia dalali wa pili, mwenye ofisi: benchi chini ya mwembe na kibao kilichoandikwa VYUMBA, FREMU, VIWANJA. Huyu anaambiwa themanini na tano. Wa pili hana mteja, lakini anamjua wa tatu, mwenye simu nzuri, anayejua kupiga picha choo kikaonekana sebule. Anaambiwa tisini na mbili. Wa tatu anaitangaza mtandaoni kwa milioni mia na kumi. Hiyo tofauti yote ndiyo cha juu, na haina uhusiano na udalali, ambao una asilimia zake mbali, tano au kumi kutegemea umevaa viatu gani. Wala haihusiani na hela ya kuonyeshwa, elfu kumi au ishirini, inayolipwa kabla mguu haujanyanyuka na isiyorudi hata mkifika mkakuta nyumba imeshakuwa gereji.

Siku ya kuona nyumba, wote wanakuja. Kazi yao ni moja: mnunuzi asibaki peke yake na mwenye nyumba, kwa sababu maneno manne tu, "Mzee, wewe unataka ngapi?", yanaweza kulaza familia tatu na njaa. Kwa hiyo unatembezwa katikati ya kundi, na mzee anatembezwa katikati ya kundi jingine, na mkikutana kwenye ukumbi mwembamba watu wazima wanaanza kukohoa kwa pamoja. Hakuna karatasi, hakuna sahihi, hakuna rejista. Na bado fedha ikitoka, fungu la fundi viatu linamfikia fundi viatu. Nimefanya kazi katika taasisi zenye mihuri na wakaguzi ambako posho ya nauli haijawahi kumfikia aliyesafiri.

Nyumba ile ya Mwananyamala, kumbe, ilikuwa ya marehemu. Aliacha watoto wa mama wawili na dada mmoja mwenye karai. Katika hali hiyo mtoto, hata awe kifungua mimba mwenye mvi, hana mamlaka ya kuuza. Ukoo ukae kikao, uandike muhtasari, umpendekeze mtu. Mtu huyo aende mahakamani. Tangazo litoke ili mwenye pingamizi aseme. Ndipo apewe barua ya usimamizi wa mirathi, na hata hapo yeye ni msimamizi tu, mali ni ya warithi. Ukoo ule ulikaa kikao, kikavunjika kabla chai haijaiva. Nayo "hati ipo" ilikuwa nakala ya leseni ya makazi iliyokwisha muda. Hati huja na miaka 33, 66 au 99. Leseni ya makazi, wanayopewa watu wa maeneo yasiyopimwa, ni ya miaka michache, na hiyo ilikuwa imelala kabatini tangu marehemu akiwa na afya njema. Ardhi yenyewe, kwa Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba yetu sote. Kwa hiyo nilimwagiwa maji ya samaki kwa ajili ya kitu ambacho kisheria bibi hakimiliki, mpwa wake hakimiliki, na mimi nisingekimiliki.

Kwingine kote mambo yalikuwa mafupi. Boko tulikubaliana bei, mke wa muuzaji akatokea na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kwenye mkoba, ile inayosema nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa yake. Bunju nyumba ilikuwa safi, ila njia ya kuingilia ni ya jirani, na jirani haongei na watu. Karibu na uwanja wa Biafra, uliopewa jina la nchi ambayo Tanzania iliitambua mwaka 1968 na Januari 1970 haikuwapo tena, nilionyeshwa kiwanja ambacho nacho kilikuwepo kwenye picha tu.

Ndugu zangu walioko Uingereza na Marekani wanasema huko nyumba huuzwa zaidi majira ya kuchipua, bustani zikiwa na maua. Kwetu Machi hadi Mei ni masika, na dalali mwenye akili hakuonyeshi nyumba masika. Anasubiri jua, ukuta upakwe rangi, na ule mstari wa maji ya mwaka jana ufunikwe. Nami nilikwenda masika makusudi. Ndiyo sababu nilimpata yule mzee wa bondeni, chini ya Mkwajuni, muuzaji pekee aliyenitajia bei kwa mdomo wake mwenyewe, na bei ilikuwa ya kutia huruma.

Hakunificha kitu. Alinionyesha mto ulipo, akanionyesha mstari wa maji ukutani, na mwisho alama ya X nyekundu, ile ya nyumba za kubomolewa, upande wa jikoni. Kisha akaleta faili. Leseni ya makazi, iliyotolewa na serikali. Risiti za kodi ya majengo za miaka na miaka. Bili za maji. Umeme umeunganishwa, na tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU; ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Anasema haijawahi kuruka mwezi.

Hapa utani unanishinda. Mto una haki yake, sibishani nao. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu mjini hapa, na waliopoteza nyumba mabondeni wakapelekwa Mabwepande. Desemba 2015 yakaja matingatinga hapo hapo Mkwajuni, na watu wakafanya Krismasi juu ya vifusi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto, na ni sheria nzuri. Ila nyumba ya mzee huyu ina umri mkubwa kuliko sheria hiyo. Aliyempa leseni alifika pale kwa miguu akauona mto. Aliyevuta nyaya aliuona. Aliyekadiria kodi aliuona. Macho yao yalifumbuka siku ya rangi nyekundu, na hata baada ya rangi hiyo, kila mzee anaponunua umeme, serikali inachukua kodi ya nyumba ambayo yenyewe inasema haitakiwi kuwapo. Dalali angenifanyia hivyo ningemwita tapeli na kumwandika ukutani.

Sikuinunua. Mzee alinisindikiza hadi kituo cha mwendokasi, akaniomba nikipata mtu mwingine nimpe namba yake, na nimwambie kuhusu X mapema asije akasumbuka.

Mimi bado natafuta, vyumba vitatu, upande wowote wa Kinondoni, na cha juu nitalipa. Ombi langu ni kwa ofisi mbili tu: anayepaka X na anayekata kodi kwenye LUKU wakae meza moja, wakubaliane kama nyumba ile ipo au haipo. Wakiona ipo, wamfutie mzee rangi. Wakiona haipo, wamrudishie hela yake.