Mwenye Kadi

Katika lugha ya gereji, pikipiki ni chombo cha magurudumu mawili kinachoendeshwa na injini, na mwenye pikipiki ni yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye kadi, yaani hati ya usajili inayotaja namba ya chesesi na namba ya injini. Fasili hiyo huwatosha watu wa bima na askari wa usalama barabarani, lakini haikuvitosha vyombo vyenyewe, ambavyo usiku mmoja wa masika, chini ya mwembe wa gereji moja mjini Morogoro, viliketi kujadili ni nani hasa mwenye pikipiki mmoja aliyelala hapo akisubiri fundi. Mwenyekiti alikuwa Mzee Baiskeli, Phoenix wa zamani asiye na pedali ya kushoto, ambaye kabla ya jambo lolote alipiga marufuku neno «mimi», kwa hoja kwamba hapakuwa na mjumbe aliyeweza kuapa ni vipuri vipi alivyozaliwa navyo na ni vipi alivyofungiwa baadaye. Kila mmoja alitakiwa kujitaja kwa jina, kama zifanyavyo kumbukumbu za vikao.

MZEE BAISKELI: Pikipiki aeleze kwanza yeye ni nani, ndipo kikao kijue kinachogombewa ni kitu gani.

PIKIPIKI: Shikamoo, Mzee. Pikipiki huyu ni wa sisi 125, maana yake nafasi ambayo pistoni huipitia ndani ya silinda ni sentimita za ujazo 125 hivi, ingawa silinda hiyo ilikwisha kuchongwa upya na kuwekewa pistoni pana zaidi, kwa hiyo hata hiyo 125 si ya kuapia. Amebadilishiwa tairi zote mbili, tanki, kabureta, sahani za klachi na kava la siti. Kisichobadilika ni namba iliyogongwa kwenye shingo ya chesesi, na namba hiyo ndiyo iliyo kwenye kadi yenye jina la mwalimu.

MZEE BAISKELI: Marahaba. Iandikwe kwamba mwalimu anamiliki tarakimu.

Mwalimu aliyetajwa hufundisha shule ya msingi upande wa Kinole, kwenye miteremko ya mashariki ya milima ya Uluguru, ambako ndizi na matunda hushuka mjini kila siku na ambako udongo mwekundu, ukinyeshewa, hung'ang'ania tairi mpaka gurudumu la mbele likaacha kuzunguka chini ya madigadi. Kibao cha namba cha Pikipiki, kinachoanza na herufi MC, ni cha rangi ya njano, ambayo nchini Tanzania ni alama ya chombo cha mtu binafsi, ilhali chombo cha biashara hubeba kibao cheupe. Tofauti hiyo ni wazi kisheria, na barabarani haisomwi na mtu yeyote.

PIKIPIKI: Kila mwalimu anaposimama kujifuta vumbi, huitwa «boda!», na mama mwenye kapu huwa amekwisha kupanda kabla mwalimu hajajitambulisha. Mara mbili amewafikisha abiria sokoni kwa aibu ya kukataa, na mara moja akalipwa nauli pungufu.

MZEE BAISKELI: Kwa jina hilo, Mwenyekiti anadai haki ya ukoo wake. Bodaboda ni neno lililozaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda katika miaka ya 1960, na waliokuwa wakivusha watu kutoka boda moja hadi nyingine, boda maana yake mpaka, walikuwa baiskeli. Wenye injini walikuja baadaye, wakachukua abiria, wakachukua na jina.

PIKIPIKI: Mzee asamehewe, lakini kikao kisisikie kero peke yake. Kuna saa kumi na mbili asubuhi, ambapo mwalimu humtoa Pikipiki sebuleni, kwa kuwa hulazwa sebuleni kati ya kochi na televisheni kwa hofu ya wezi, jambo ambalo mama mwenye nyumba amelipinga kwa hoja ya harufu ya petroli bila kufanikiwa. Huko nje hewa ya mlimani huwa bado baridi, injini hupiga kwa mpangilio, na lita moja huwapeleka kilometa 40 na ushei bila kumwomba konda nafasi ya kukaa. Daladala ikisubiri ijae, mwalimu hupita. Gari likikwama kwenye tope, mwalimu hupita pembeni, na hapo hupiga honi ambayo hakuna aliyeihitaji. Jumapili humwosha kwa sabuni ya unga, akamfuta spoku moja baada ya nyingine kwa muda mrefu kuliko anaotumia kusahihisha madaftari.

BIBI CHENI: Spoku zinafutwa, na Cheni anapakwa oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Kikao kielewe pia kosa la kawaida la wenye pikipiki, ambao husema cheni imevutika, kana kwamba chuma ni mpira. Cheni ya pikipiki ya namna hii ina pingili zaidi ya 100, kila moja ikiwa na urefu wa milimita 12.7 kutoka pini hadi pini, na kinachotokea ni kwamba vumbi na tope husaga pini na bushi zake, kila pingili ikaongeza upenyo usioonekana kwa jicho, na penyo hizo zikijumlishwa cheni nzima hulegea na kupigapiga kava. Hapo mwalimu hurudisha gurudumu nyuma akakaza. Nafasi ya kukaza ikiisha, fundi hukata pingili. Zikiisha za kukata, hununuliwa cheni mpya na kufungwa juu ya spoketi zilezile ambazo meno yake yamekuwa kama ya papa, nazo huila kabla ya mwaka. Mwalimu huita jambo hilo kubana matumizi.

Mjumbe aliyefuata alikuwa Plagi, kipuri kidogo kinachorusha cheche ya kuwasha mchanganyiko wa hewa na petroli. Ilimbidi aombwe kupunguza sauti.

PLAGI: Injini ikigoma, wa kwanza kufunguliwa ni Plagi. Hakuna anayechungulia chujio la hewa lililojaa vumbi, ingawa hewa ikipungua petroli huzidi, na petroli ikizidi huungua nusu na kuacha masizi meusi kwenye ncha ya Plagi. Hufunguliwa, hupulizwa, husuguliwa kwa msasa, hugongwa juu ya jiwe, kisha hulaumiwa. Jana alifunguliwa mara tatu, na mara ya nne ndipo fundi akafungua kifuniko cha tanki na kukuta halina hata tone.

MZEE BAISKELI: Tanki lilikaushwa na nani?

Swali hilo liliwanyamazisha wajumbe, kwa kuwa kila mmoja alilijua jibu. Kwa Waluguru, ambao kwa jadi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, mrithi wa mtu ni mtoto wa dada yake, na mwalimu ana dada mwenye kijana wa miaka ishirini na moja.

PIKIPIKI: Mpwa haazimi. Huja akasema, «Mjomba, natoka nayo dakika mbili,» na dakika hizo huvuka magharibi. Humpakia rafiki, na rafiki wa rafiki, wakakaa watatu kwa mtindo unaoitwa mshikaki, mpaka shokomzoba za nyuma zinagonga mwisho. Mwalimu akinung'unika, dada yake humkumbusha kwamba kijana anatumia mapema kilicho chake.

KOKI: Kikao kimruhusu Koki aseme, kwa kuwa jambo hili ni lake. Koki ni swichi ya petroli iliyo chini ya tanki, yenye alama ya kufungua, ya kufunga na ya rizavu. Wengi hudhani rizavu ni tanki la pili lililofichwa, kumbe ndani ya tanki lilelile mna njia mbili, moja ikiwa ni mrija uliosimama na nyingine ikianzia sakafuni, na petroli inayobaki chini ya mdomo wa mrija ndiyo rizavu. Mwungwana akihamia rizavu huongeza mafuta, kisha hurudisha koki mahali pake. Mpwa hurudisha pikipiki na kuiacha koki kwenye rizavu bila kusema neno, hivyo mwalimu huondoka akiamini bado ana akiba, wakati akiba ndiyo anayoitembelea. Jana akiba hiyo iliishia kwenye mlima, mvua ikinyesha, na mwalimu akasukuma.

ELEMENTI: Wakati huo Elementi alikuwa wapi?

Elementi ni jina la mtaani la kofia ngumu. Chini ya gamba lake mna povu gumu ambalo kazi yake ni kubonyea badala ya fuvu, na ambalo likishabonyea halirudi.

ELEMENTI: Alikuwa kwenye kiwiko. Elementi wa mwalimu amelinda kiwiko, amelinda kioo cha pembeni alikoning'inizwa, na siku za gulio amelinda nyanya na mayai. Kichwani hupandishwa kama mita mia mbili kabla ya askari na hushushwa mita mia mbili baada yake. Mama mwenye nyumba humkataa kwa sababu ya nywele za saluni, na pia kwa sababu ya harufu, ambayo si ya Elementi bali ya mwalimu.

BOMBA LA MOSHI: Mwenyekiti aruhusu hoja ya kisheria. Kadi inasema mwalimu ana pikipiki. Je, pikipiki hana kadi ya mwalimu? Bomba hukaa upande wa kulia na huwa la moto, ndiyo maana mwenye akili hupanda na kushuka kwa kushoto. Mwalimu aliwahi kusahau, na upande wa ndani wa muundi wake wa kulia kuna kovu lenye umbo la Bomba. Hiyo ni namba iliyogongwa kwenye chesesi yake, haifutiki wala haihamishiki.

BIBI CHENI: Na mpwa?

BOMBA LA MOSHI: Mpwa anayo mawili.

Mzee Baiskeli alikuwa anajiandaa kupigisha kura, akiwa amekwisha kueleza kwamba tarakimu ni za mwalimu na makovu yahesabiwe kwa uzito, wakati kulipopambazuka na mpwa akatokea njiani kabla ya fundi, mkononi akiwa na ufunguo wa akiba na nusu lita ya petroli katika chupa ya maji. Aliimimina tankini, akapiga kiki mara mbili, ya tatu ikawaka, akaondoka. Elementi, aliyebaki kwenye msumari wa shina la mwembe, aliomba iandikwe saa ambayo kichwa kiliondoka bila yeye. Mwenyekiti alijibu kwamba saa haikujulikana, kwa kuwa hapakuwa na mjumbe mwenye saa, lakini koki, kwa jinsi ilivyoonekana Pikipiki alipokuwa akikata kona, ilikuwa bado kwenye rizavu.