Chupa Zilizopinda za Bwana Fisi

Kiwanda cha asali cha wanyama kilikuwa na mkanda mmoja wa kupitishia chupa na mkaguzi mmoja, Kiboko, aliyesinzia kila baada ya chai. Vifuniko vikakosekana, lebo zikabandikwa kichwa chini, wateja wakanung'unika. Ikatangazwa zabuni ya jicho lisilolala. Mwenyekiti wa kamati akawa Fisi, ambaye kwa kanuni za kiwanda ndiye aliyekabidhiwa pia chupa zote mbovu, aziteketeze.

Wakatangulia Siafu, ukoo wa vihisi vya kamera viitwavyo CCD. Walijipanga safu kwa safu nyuma ya lenzi, kila mmoja na kibuyu chake, mwanga ukadondokea humo. Ngoma ilipolia, kila siafu akammiminia mwenzake wa mbele, hadi ukingoni alikoketi mzee mmoja na pishi moja, akipima kibuyu baada ya kibuyu. Pishi ni moja na mkono ni mmoja, kwa hiyo hakuna aliyepunjwa: weupe wa pembe hii ulilingana na wa pembe ile. Lakini foleni yake! Chupa kadhaa zilikwisha kupita mzee akiwa bado na ya kwanza. Na jua lilipopiga kwenye bati la kifuniko, vibuyu vya hapo vilifurika vikawamwagikia majirani, mstari mweupe ukaichana picha toka juu hadi chini.

"Sisi tuna nasaba," akasema mzee. "Tulizaliwa Bell Labs, Marekani, 1969. Waasisi wetu, Willard Boyle na George Smith, walipata Nobel ya fizikia 2009."

Kamati ikapiga makofi. Kamati hupenda sana nasaba.

Wakaja Mchwa, ukoo wa vihisi vya CMOS. Hawa hawakumiminiana kitu. Kila mmoja alikuwa na kibuyu na kibaba chake, akapima mwenyewe na kutaja hesabu. Wakamaliza upesi, na mlo wao ulikuwa mdogo. Ila vibaba havikulingana: katika giza tupu mmoja alitaja sifuri, jirani yake mbili. Kobe, fundi wa kiwanda, akaandika daftarini kasoro ya kila mchwa, akawa anaitoa kwenye hesabu. Hilo likaisha.

Kasoro ya pili ndiyo iliyompendeza Fisi. Mchwa hao walifumba macho kwa zamu, safu ya juu ikiitangulia ya chini kwa milisekunde 20. Mkanda ulikwenda mita 1 kwa sekunde, kwa hiyo hadi safu ya mwisho inafumba, chupa ilikuwa imesogea sentimita 2. Chupa zilizosimama wima zikatoka pichani zimeinama kama walevi.

"Mbovu," akasema Fisi. "Mbovu. Na ile pia."

Jioni akateketeza kreti nzima. Midomo ilimng'aa.

Tembo akashauri waongezwe mchwa, kutoka milioni 2 hadi milioni 20, maana megapikseli nyingi ni heshima kwa kiwanda. Wakaletwa. Kwa kuwa ubao wa kukalia ulikuwa uleule, kila mmoja akapata kibuyu kidogo zaidi na mwanga haba zaidi, na kuwasikiliza wote kukachukua muda mrefu zaidi. Chupa zikazidi kupinda, safari hii kwa uwazi wa kupendeza.

Kobe akauliza mkanda unakwenda kasi gani na taa iko wapi. Katika vikao vyote hakuna aliyekuwa ameuliza.

"Wapo mchwa wenye vibuyu viwili," akaeleza. "Wote hufumbua pamoja na kufumba pamoja, mwanga wakauficha kwenye kibuyu cha pili chenye kizibo, ndipo wanatoa hesabu kwa zamu. Tuwape taa ya kumulika kwa mikrosekunde 100 tu. Chupa itasogea sehemu ya kumi ya milimita."

"Hata sisi tunafumba pamoja!" akafoka mzee wa Siafu.

"Kweli, mzee wangu. Lakini 2015 Sony walitangaza wataacha kuuzalisha ukoo wenu. Mmoja wenu akiharibika, mrithi nimtoe wapi?"

Wakanunuliwa mchwa wa vibuyu viwili. Chupa zikasimama wima, na zilizokataliwa zilikuwa zile zisizo na kifuniko. Kabla mwezi haujaisha, Fisi akaiandikia bodi barua: jicho jipya linazipendelea chupa, iundwe kamati ndogo ya kulichunguza, na posho ya vikao ilipwe kwa asali.